Kabla hujapiga windo jipya, andaa njia ya kurudi

Oktoba kusini mwa Tanzania ni mwezi wa pilika. Korosho zimeokotwa na kuanikwa, magunia yanapimwa kwenye ghala la chama cha msingi, na wakulima wanasikilizia bei ya mnada. Mwaka 2025, katikati ya pilika hizo, tarehe 14, kampuni ya Microsoft ilifunga rasmi huduma kwa Windows 10, mfumo endeshi uliozoeleka katika ofisi, shule na maduka ya nchi hii. Kompyuta hazikuzimika. Asubuhi ya tarehe 15 ziliwaka kama kawaida. Kilichokatika ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikija bure kila mwezi, na tangazo la kuhamia Windows 11 likazidi kuwabana wenye mashine.

Wapo waliohama. Na miongoni mwao wapo ambao leo wanatafuta fundi wa kuwarudisha walikotoka.

Madimba ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Kata hii ya Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, iliyo kwenye barabara itokayo Mtwara mjini kwenda Msimbati, inajulikana nchi nzima kwa kiwanda chake cha kuchakata gesi asilia. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, husafishwa hapa ndipo iingie kwenye bomba la inchi 36 kuelekea Dar es Salaam. Mradi huo ulizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Oktoba 2015, miezi michache tu baada ya Windows 10 kutoka tarehe 29 Julai mwaka uleule. Kwa hiyo kompyuta iliyonunuliwa mpya wakati bomba linazinduliwa leo imetimiza miaka kumi, na kwa mtengenezaji wa mfumo endeshi imekwisha muda wake. Kwa mwenye nayo bado inampa riziki.

Mashine inayolisha nyumba

Mashine niliyoitazama kwa karibu ilikuwa ya mwanamke mwenye duka la steshenari kando ya barabara hiyo: HP EliteBook ya mtumba, prosesa Core i5 ya kizazi cha tano, ramu ya GB 4, diski ya kuzunguka ya zamani. Ndiyo inayochapa barua za kijiji, kutoa kopi za vitambulisho vya taifa, kujaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu na kuwatafutia vijana nafasi za kazi. Fundi wa kupita alikuwa ameipiga Windows 11 kwa njia ya kuruka masharti ya mtengenezaji. Sura ya skrini ilipendeza, lakini kazi ilisimama. Taa ndogo ya diski iliwaka bila kupumzika. Feni ilivuma hata pale ambapo hakuna programu iliyofunguliwa. Barua ya ukurasa mmoja ilichukua muda mrefu kufunguka hadi mteja akaamua kwenda kunywa chai kwanza. Kwenye dirisha linaloonyesha shughuli za mashine, safu ya diski ilikuwa imeganda kwenye asilimia 100.

"Shikamoo mama," alisalimia kijana fundi aliyeitwa kutoka mjini, akitua begi lake.

"Marahaba mwanangu. Nirudishie windo langu la zamani. Hili zuri kwa macho tu, wateja wananikimbia."

"Ulipigiwa lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Basi bado tuko ndani ya siku kumi. Hujafuta kitu kwenye diski C?"

"Sijagusa, naogopa."

"Vizuri, mama. Tumepona."

Kabla ya kubonyeza chochote, kijana yule alifanya mambo mawili. Alichomeka flashi akanakili folda zote za wateja. Kisha akaichunguza betri, akaona haishiki chaji, akaomba ratiba ya kukatika umeme kwa wenye maduka jirani na kuunganisha mashine kwenye betri yake ya akiba. Alisema umeme ukizimika katikati ya safari ya kurudi, mashine inaweza kubaki haina mfumo wowote, si mpya wala wa zamani. Ndipo akaanza. Jioni mashine ilikuwa imerejea Windows 10, na foleni ya kopi ikaanza kusogea.

Siku kumi na kitufe kimoja

Kilichomwokoa mama yule ni utaratibu ambao wenye kompyuta wengi hawajawahi kuelezwa. Windows mpya inapowekwa juu ya ya zamani, ya zamani haifutwi papo hapo. Husukumwa kwenye folda iitwayo Windows.old ndani ya diski C. Folda hiyo inaweza kula GB 20 au zaidi, na humo umo mfumo wote uliokuwapo jana. Ukiingia kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya Recovery, utakuta kitufe cha Go back. Ukikibonyeza, mashine itauliza sababu, itakushawishi ujaribu sasisho kwanza, halafu itageuza njia. Nyaraka na picha zako hubaki. Programu ulizoweka baada ya kuhama huondoka, na mipangilio uliyobadilisha hupotea.

Kitufe hicho kina umri wa siku kumi. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mtu alipewa siku 30 za kujifikiria. Mwaka 2016 Microsoft ilizipunguza zikawa 10. Zikiisha, mashine huifuta folda ile yenyewe ili kupata nafasi. Fundi anayeijua kazi yake anaweza kurefusha muda huo hadi siku 60 kwa amri moja ya programu ya DISM, mradi aitoe kabla siku kumi hazijapita. Na mwenye mashine anaweza kujifungia njia kwa mkono wake mwenyewe: anaona diski imejaa, anasafisha faili za muda, na ndani ya taka hizo inakwenda Windows.old.

Mteja wa pili wa kijana yule alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja wiki kadhaa baada ya kuhama. Kitufe hakikuwapo tena. Kwake njia iliyobaki ilikuwa moja: kuhamisha faili zote, kufuta diski na kupiga windo upya kutoka kwenye flashi ya GB 8. Kazi hiyo inafanyika, na leseni halali ya Windows 10 haipotei, maana kumbukumbu yake imefungamana na mashine yenyewe. Ikipata intaneti hujithibitisha bila kununua kitu. Hata hivyo kila programu lazima iwekwe upya, na faili la Windows la kupakua lina ukubwa wa GB tano hivi. Kwa anayenunua bando la siku, hizo ni fedha za chakula.

Kuna mtego mwingine unaostahili kutajwa. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa ufunguo wa siri wenye tarakimu 48. Ukianza kuchezea mfumo bila kuuandika ufunguo huo mahali, mashine inaweza kukuomba tarakimu hizo na kukunyima kila kilichomo. Hakuna fundi wa Mtwara wala wa Dar es Salaam atakayeufungua mlango huo kwa nguvu.

Waliorudi si wachache

Anayetaka kurudi kwenye mfumo wa zamani mara nyingi huonekana mshamba, mtu anayeogopa mapya. Historia ya kompyuta inasema vingine. Windows Vista ilipoingia madukani Januari 2007, ilikuwa nzito kwa mashine za wakati ule, na makampuni mengi yaliyonunua kompyuta zenye Vista yalitumia haki iliyomo kwenye leseni zao kurudi Windows XP. XP hiyo, ya mwaka 2001, iliendelea kuhudumiwa hadi 8 Aprili 2014. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kitufe cha Start ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu 1995. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka uliofuata toleo la 8.1 likakirudisha. Hapo aliyerudi nyuma ni mtengenezaji mwenyewe.

Oktoba 2018 ilikuwa na somo kali zaidi. Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10 tarehe 2, na ndani ya siku chache ikalisitisha, kwa sababu kwa baadhi ya watu lilikuwa linafuta nyaraka zao. Lilirudi sokoni Novemba, baada ya kurekebishwa. Aliyekuwa na nakala ya kazi zake pembeni alipata usumbufu tu, na asiyekuwa nayo alipoteza kazi za miaka.

Wazee wa pwani walishasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia hatembei chomboni bila kujua pa kurejea, na mwenye kompyuta naye asiguse mfumo wake bila kujua hivyo.

Maamuzi ya mbali

Kwa nini mashine ya Madimba ishindwe na mfumo unaokwenda vizuri kwingine? Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, ilidai ramu isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kuendelea kwa sehemu kubwa, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Sababu iliyotolewa ni usalama, na ni sababu yenye uzito. Lakini EliteBook, ThinkPad na Latitude nyingi tunazonunua za mtumba ni za kabla ya hapo. Ofisi za Ulaya na Ghuba zimeshazitumia na kuziuza, nasi tunazianzishia maisha ya pili. Fundi anaweza kuyaruka masharti hayo kwa programu maalumu, na mfumo ukaingia, lakini prosesa na diski zinabaki zilezile. Tena Windows 11 haina toleo la biti 32. Aliye na printa ya zamani ambayo draiva yake ni ya biti 32 tu atabaki na printa nzima isiyotoa karatasi.

Watu wa kusini wanayo kumbukumbu ya mipango iliyochorwa mbali. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, ikatandazwa reli kutoka pwani kuelekea Nachingwea. Ardhi na mvua hazikuulizwa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari ilibaki, na leo inapakia korosho. Mpango mkubwa unaweza kuwa na mantiki yote mezani kwa aliyeuandika na bado ukamshinda anayeutekeleza, kwa sababu hali yake haikuhesabiwa.

Afrika imeshaliona hilo kwenye kompyuta pia. Mwaka 2016, Microsoft ilipokuwa ikiwasukuma watu kuhamia Windows 10, watu wa mradi wa hifadhi wa Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, walikuta kompyuta zao zinaanza kupakua mfumo mpya zenyewe, GB kadhaa, kupitia intaneti ya gharama kubwa ya setilaiti. Mawasiliano hayo ndiyo yaliyotegemewa kuongoza doria dhidi ya majangili wenye silaha. Aliyebuni utaratibu ule hakumfikiria mtu aliye porini. Kwa sababu hiyo uamuzi wa lini uhame, na kama uhame, ubaki mikononi mwa mwenye mashine.

Urejee wapi?

Hapa panahitaji ukweli wote, maana kurudi kuna hatari yake. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilivamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili na kudai fedha. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Mashine nyingi sana zilizoanguka zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikupewa kiraka hicho. Windows 7 yenyewe iliachwa rasmi 14 Januari 2020, na tangu Februari 2023 matoleo mapya ya kivinjari cha Chrome hayaingii humo. Anayekushauri leo urudi Windows 7 kwa kuwa ni nyepesi, kisha uingie nayo benki mtandaoni, anakuweka barazani na mlango wazi.

Jambo hili linazidi kuwa zito kwa maduka kama la mama yule. Ndani ya EliteBook ile mna nakala za vitambulisho, namba za simu na akaunti za benki za wakulima. Tangu msimu wa 2024/25 korosho zinauzwa kwa mnada wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, juu ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007. Taarifa za mkulima sasa zina thamani kama gunia lake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Kwa hiyo njia salama za kurejea ni tatu. Ya kwanza ni kurudi Windows 10 huku ukijiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa viraka, unaowafikisha watumiaji wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026. Bei yake ni dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa anayeunganisha mashine na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi humo mipangilio yake. Sharti ni kwamba Windows 10 yako iwe toleo la 22H2. Hii inakununulia msimu mmoja wa kujipanga.

Ya pili inamfaa mwenye mashine ya kuchapa na kutoa kopi tu: abaki na mfumo wa zamani, lakini auondoe kabisa kwenye intaneti. Faili ziingie kwa flashi iliyokaguliwa, na shughuli za benki na maombi ya mtandaoni zifanyike kwenye mashine nyingine.

Ya tatu ni kutoka Windows na kuingia Linux. Toleo jepesi kama Linux Mint lenye Xfce linakwenda kwenye mashine ya GB 4 bila kuhema, halina ada, na linapata viraka. Mifumo yetu mingi ya serikali na mikopo hufunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo haijali uko kwenye Windows au la. Ugumu upo: mpangilio wa barua zilizotengenezwa kwenye Word unaweza kusogea, na printa nyingine hukataa. Jaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Wala si jambo geni kwetu. Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ujuzi huo ulikuwapo nchini miaka ishirini iliyopita, nao unastahili kufufuliwa.

Nidhamu ya kiwandani iingie dukani

Katika viwanda vikubwa vya mafuta na gesi duniani, kompyuta zinazoongoza vali na mashine hazibadilishwi mfumo kwa sababu tu toleo jipya limetoka. Mabadiliko hujaribiwa pembeni kwanza. Nakala kamili ya mfumo uliopo hutengenezwa. Mpango wa kurudi huandikwa: nani atarudisha, kwa hatua zipi, na hadi saa ngapi. Ndipo ruhusa hutolewa. Nidhamu hiyo haihitaji fedha nyingi. Duka la steshenari, chama cha msingi na shule ya kata wanaweza kuifuata kwa flashi mbili na daftari moja.

Flashi ya kwanza iwe na nakala za kazi zako, zikisasishwa kila wiki. Ya pili iwe na Windows unayoitumia leo, iliyopakuliwa kutoka kwa mtengenezaji, iliyojaribiwa ikawaka. Daftari liandikwe jina na umri wa mashine, ramu, aina ya diski, tarakimu 48 za ufunguo kama diski imefungwa, na tarehe ya kuhama. Usihame msimu wa mnada ukiwa umewadia wala wiki ya mwisho ya maombi ya mikopo. Hama wakati kazi imepoa, ili siku kumi za kujifikiria ziwe siku za kujaribu kweli: chapa, toa kopi, piga skani, ingia benki. Kama hela ipo, tia kwanza diski ya SSD na ramu ya GB 8. Kwa mashine nyingi za mtumba mabadiliko hayo mawili yanasaidia kuliko windo lolote jipya.

Vyuo vya ufundi, halmashauri na vyama vya ushirika navyo vina wajibu. Mafunzo ya fundi kompyuta yasiishie kwenye kupiga windo, yafundishe na kulirudisha. Na ofisi ya umma inaponunua kompyuta au kuhamisha mfumo, mkataba utaje gharama na muda wa kurudi kama unavyotaja bei ya kwenda.

Nawe mwenye mashine, fundi akija na windo jipya muulize kabla hajafungua begi: nikitaka kurudi utanirudishaje, na nina siku ngapi? Mwenye kuijua kazi atakujibu papo hapo, tena ataanza kwa kunakili faili zako. Asiye na jibu, mshukuru kwa kuja, na mashine yako iendelee na kazi.